Injini Iliyolala Ifungwe Midomo

Asubiriye safari katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, nchini Sudan ya Kusini, aweza kupata somo la bure kutoka kwa mafundi wa ndege. Ndege inapolazwa kwa siku nyingi, mafundi huziba midomo ya injini zake kwa vifuniko. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya urembo, bali kuzuia mvua, vumbi na wadudu wapendao kujenga humo.

Wenye magari hatuna budi kuiga. Mwezi wa Julai 2016 mapigano yalipozuka mjini Juba, na safari za ndege za abiria zikasitishwa kwa siku kadhaa, wageni wengi waliondoka kwa haraka. Miongoni mwao alikuwamo mtumishi mwenzangu. Injini ya gari lake ilikuwa imeshushwa ili ibadilishwe sili iliyokuwa ikivuja. Aliiacha uani, jirani na uwanja huo, juu ya udongo, imefunikwa gunia, nayo matundu ya plagi yako wazi. Mvua za Juba hunyesha tangu Aprili hadi Oktoba hivi. Aliporejea Januari 2017, pistoni zilikuwa zimegandamana na silinda kwa kutu. Akiba ya miaka minne ilikwenda na maji.

Kutu huhitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Hewa hatuwezi kuiondoa. Basi tuyazuie maji yasikifikie chuma. Hatua zenyewe ni hizi.

Kwanza, kabla ya kuilaza injini, mwaga oili ya zamani, maana ina asidi na unyevu. Tia mpya, kisha iwashe injini mpaka ipate moto barabara, ili oili hiyo ienee kila mahali. Maji matupu ya rejeta pia yamwagwe, pamoja na yale yaliyobaki ndani ya injini.

Pili, injini ikisha kupoa, fungua plagi. Mimina kijiko kimoja cha oili safi katika kila silinda, uizungushe injini kwa spana mara kadhaa, kisha rudisha plagi zote.

Tatu, ziba kila tundu: pa kuingilia hewa, pa kutokea moshi, pa mabomba ya maji na pa kijiti cha kupimia oili. Tumia nailoni nzito, uikaze kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Usizibe kwa kitambaa peke yake, kwani kitambaa hunyonya maji na kuyalisha chuma.

Nne, paka grisi sehemu za nje zisizo na rangi. Iweke injini juu ya magogo, chini ya paa. Turubai lisiigusane, wala lisifungwe hadi chini. Acha upepo upite, la sivyo mvuke wa ardhini utageuka matone usiku.

Tano, kila mwezi fungua plagi, ongeza matone ya oili, uizungushe tena kwa mkono.

Wako wanaodhani kuwa kuliwasha gari lililolazwa dakika tano kila juma kunatosha. Sivyo. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yapatayo lita moja. Injini isiyopata moto wa kutosha hubakiza sehemu ya maji hayo ndani yake.

Je, maji yakiwa yamekwisha kuingia? Usiiwashe kamwe! Maji hayashindiliki kama hewa, hivyo pistoni ikiyakuta, mkono wake hupinda. Fungua plagi zote, zungusha taratibu kwa spana mpaka maji yatoke, kisha mwaga oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imechanganyika na maji. Ikikataa kuzunguka, usiilazimishe kwa bomba refu. Mimina oili nyepesi ndani ya silinda, uiache siku kadhaa, halafu mwite fundi.

Mwenzangu angetumia oili ya vijiko vinne, vipande vya nailoni na nusu saa ya kazi. Badala yake alilipa mishahara ya miezi kadhaa kuchonga upya silinda. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.