Reli za Mkonge Haziuzwi kwa Kilo

Kuna jambo linanikera, na nikilinyamazia nitahesabiwa miongoni mwa wakosaji. Mkoani Tanga, katika mashamba ya zamani ya mkonge, reli ndogo zilizotandikwa kwa jasho la babu zetu zinang'olewa, zinakatwa kwa gesi na kupimwa kwa kilo kama nyama buchani. Mwenye mzani anaondoka anacheka. Mwenye urithi anabaki na hela ya sukari.

Sina haja ya kumthibitishia mtu mwenye dini na malezi kwamba kilichoachwa na wazee ni amana, na kwamba mwenye kuvunja amana ataulizwa. Hilo tulifundishwa tungali wadogo. Mwacha asili ni mtumwa.

Mtaniuliza, reli ya shambani ina asili gani? Sikilizeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Tanga ukaanza. Mkonge na reli vimelelewa pamoja. Jani la mkonge ni zito, limejaa maji. Singa ndani yake ni kama sehemu 4 tu kwa 100, na likicheleweshwa baada ya kukatwa hukauka, singa zikawa taabu kutoka. Ndiyo maana mashamba makubwa yalitandika reli zao wenyewe, nyingi zenye upana wa sentimita 60, kutoka huko mkonge unakokatwa hadi kwenye korona, yaani mtambo wa kutoa singa kwenye majani. Bila toroli za kubeba majani relini korona inalala njaa, na bila korona Tanganyika isingekuja kuongoza dunia kwa mkonge.

Na toroli hizo zilipakiwa na nani? Na manamba, vibarua wa mkataba! Waha wa Kigoma, Wabena, Wamakonde, na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi, ambao wengi wao waliandikishwa na SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944. Walitoka makwao na vipande, yaani kadi zao za kazi, mkononi, na wengine hawakurudi tena. Nenda ukaitazame toroli iliyosahauliwa nyuma ya korona: fremu ya chuma, magurudumu manne madogo yaliyolika, nguzo za pembeni zimepinda nje kwa uzito wa majani ya miaka. Hakuna kaburi la manamba linaloeleza habari zake vizuri kuliko nguzo zile. Leo mtoto wa shule anaijua reli kwa kipande kinachoning'inia mwembeni, kinachogongwa wakati wa kuingia darasani. Mwulize kimetoka wapi, atakutumbulia macho. Kosa si lake, ni letu.

Wenzetu wa Kenya walifumbua macho mapema. Makumbusho ya reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, na humo limo hata behewa ambamo simba alimnyakua Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Vimo pia vichwa viwili vikubwa vya treni vilivyoundwa Manchester miaka ya 1950, kimoja kinaitwa Mount Gelai, kingine Mount Shengena. Gelai iko wapi? Kwetu, karibu na Ziwa Natron. Na Shengena? Upareni! Milima yetu inatunzwa Nairobi, na sisi tunakata vyuma vyetu kwa gesi. Wala si mara ya kwanza. Reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi ule wa Waingereza wa kulima karanga, iling'olewa mapema miaka ya 1960, na watu wa Kusini wakabaki na hadithi tupu.

Najua, sasa tuna treni ya umeme, tangu mwaka 2024 inakwenda Morogoro na Dodoma, nami naifurahia kama kila Mtanzania. Kipya kinyemi. Lakini wazee walisema pia, ukipata chungu kipya usitupe cha zamani. Nanyi watu wa Tanga, wastaarabu msio na mfano, mji wenu umesifiwa kwa kauli ya waja leo waondoka leo. Kauli hiyo ni ya wageni jamani, si ya urithi wenu!

Na nikiwa hapohapo, siwezi kuyaacha madaftari. Vitabu vya mishahara vya mashamba hayo, vyenye majina ya manamba na vijiji walikotoka, nimeona kurasa zake zimefungiwa karanga sokoni. Karanga za kuuzwa! Huenda jina la babu ya mtu lilikuwa mle. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tunaipoteza mali na daftari lake kwa pamoja. Hili linaniuma kuliko hata vyuma.

Enyi wenye mashamba, hakuna anayewaomba mbakize reli yote. Bakizeni kipande kifupi palepale kilipo, na toroli moja juu yake. Kama mna kichwa cha treni, kiezekeeni bati, mkipake grisi, kibao chake cha kiwandani kisibanduliwe. Madaftari yapelekwe kwenye makumbusho ya boma la zamani Tanga mjini. Na mzee aliyewahi kuendesha kichwa hicho, kama bado yu hai, aitwe wiki hii arekodiwe sauti yake, maana lori la chuma chakavu halingoji, na umri wake nao haungoji.