Mlinzi wa akiba zetu asilale njaa

Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi mshahara wangu hukatwa akiba ya sacco kabla sijaugusa. Silalamiki, ndiyo iliyosomesha wanangu. Lakini nani anayekagua vitabu? SASRA, mamlaka ya kudhibiti sacco iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, inasimamia mamia ya sacco nchini Kenya, nyingi zikikopesha kwa simu usiku na mchana. Kazi hiyo haifanywi na makarani wachache wenye kalamu na rula. Ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa sacco nchini, ulifichua pengo la Sh13.3 bilioni, na wakaguzi walipofika maji yalikuwa yameshamwagika. Wabunge, wengi wenu ni wanachama pia: bajeti ijayo itengeeni SASRA fedha za kuajiri wakaguzi na wataalamu wa kompyuta.

Mwanachama wa sacco,
Nakuru