Soketi Iliyoloa: Kukauka Si Kupona

Maji ya mafuriko yakishatoka nyumbani, watu hutoa tope, huanika magodoro na kusugua sakafu. Jioni huwashwa meni swichi. Taa zikiwaka, kila mtu huona mambo yamekwisha. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, nyumba za Jangwani na bonde la Msimbazi zilijaa maji. Maji ya namna ile si ya mvua tupu. Huja na tope, chumvi na uchafu wa vyoo. Yakiingia kwenye soketi, swichi na sakiti breka huacha utando, nao hubaki hata ukuta ukikauka. Utando huo ukipata unyevu tena hupitisha umeme pasipotakiwa, na vyuma vya ndani huliwa na kutu. Leo taa inawaka. Wiki kadhaa baadaye soketi inaungua.

Umeme wa majumbani ni volti 230, na mwili ulioloa huupitisha kwa urahisi zaidi. Fikiria mama aliyetoka kutia udhu alfajiri, mikono imeloa, miguu mitupu, anagusa swichi kama hiyo.

Wapo wasemao kuwa nyaya zimevikwa plastiki, hivyo hazidhuriki. Ni kweli plastiki hustahimili maji kwa muda. Lakini ncha zilizofungwa ndani ya soketi hazina plastiki.

Kwa hiyo rai yetu ni hii: soketi, swichi na breka zilizozama zibadilishwe, zisianikwe. Usiguse meni swichi ukiwa umesimama majini. Liite shirika la umeme likate kwenye nguzo. Kisha fundi mwenye leseni azipime nyaya na waya wa ethi. Kwa kipimo cha volti 500, nyaya zikisoma chini ya megaomu 1, nyumba isiwashwe. Fundi anayekuja na testa peke yake hatoshi. Testa huonyesha kuwa umeme upo, haionyeshi unavujia wapi.

Gharama ni ya nani? Mwenye nyumba asimtwishe mpangaji. Soketi ni sehemu ya nyumba kama mlango na bati. Anayepokea kodi huku akijua nyaya zililoa na hazikupimwa, amepangisha hatari.

Ndugu msomaji, kukaa siku chache na tochi si msiba. Mafuriko yameshachukua vyombo. Tusiyape na watoto.