Barakoa ya Vumbi Haizuii Mvuke

Hapa Rusizi, penye kiwanda cha saruji cha CIMERWA tangu mwaka 1984, barakoa ya vumbi si kitu kigeni. Hatari huanza pale askari wa karakana anapoivaa hiyo hiyo kupulizia magari rangi.

Vumbi ni chembe. Hunaswa na nyuzi. Mvuke wa thina hupenya nyuzi hizo kama hewa yenyewe. Huo wataka kichujio cha mkaa maalumu, ambacho kwa kanuni za Ulaya hutiwa utepe wa kahawia na herufi A. Mkuu anayemgawia askari barakoa ya vumbi kwa kazi ya rangi amempa ujasiri usio na kinga.

Mkaa nao hujaa, na joto na unyevu wa bonde la Bugarama huiharakisha siku hiyo. Kungojea harufu si kipimo, kwani pua huzoea. Tarehe ya kufungua kichujio na iandikwe, nacho kibadilishwe kwa ratiba. (Ndevu za siku mbili tu hufungua njia pembeni!)

Ndani ya tangi la mafuta, hata hivyo, kichujio chochote ni bure: hakitengenezi oksijeni. Humo huingiwa kwa hewa ya mpira kutoka nje, mwenzako ameshika kamba mlangoni.