DRC: Shule zikifungwa tena, redio pekee itaweza kumfundisha mtoto?

Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, Raisi Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa darasa la sita la msingi walirudi tarehe 10 mwezi wa nane. Wenzao wa madarasa ya chini walingoja mwaka mpya wa masomo, ulioanza tarehe 12 mwezi wa kumi, yaani karibu miezi saba. Kisha tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili shule zilifungwa upya, hadi tarehe 22 mwezi wa pili 2021.

Jibu la serikali lilikuwa masomo ya mbali. Redio Okapi, kwa ushirikiano na wizara ya elimu na UNICEF, ilirusha vipindi vya Okapi École. Masomo mengine yalipita kwenye televisheni na kwenye simu.

Kuchagua redio kulikuwa na maana. Wakati huo, karibu Wakongomani wanne kati ya watano hawakuwa na umeme nyumbani, na mega za intaneti zilikuwa ghali kwa familia inayotafuta chakula kila siku. Redio ndogo ya batiri hufika mahali ambapo simu ya kisasa haifiki.

Lakini kufika si kufundisha. Mtoto wa darasa la kwanza hajui bado kusoma. Anahitaji mtu wa kumshika mkono anapoandika, kumsikiliza anaposoma, na kumwambia wapi amekosea. Redio inasema, haisikilizi. Mtoto asipoelewa, somo linaendelea bila yeye, na hakuna daftari linalosahihishwa.

Kazi hiyo iliangukia wazazi. Mama anayetoka alfajiri kwenda sokoni, ao baba anayesukuma chukudu mchana kutwa, hayuko nyumbani saa ya kipindi. Redio ikiwa moja, mara nyingi yule aliyeinunua ndiye anayechagua cha kusikiliza. Tena kuna lugha: kadiri mtoto anavyopanda madarasa, ndivyo masomo yanavyokuwa kwa Kifaransa, wakati nyumbani watu wanaongea Kiswahili, Kinande ao Mashi. Mzazi ambaye hakusoma atasahihisha nini?

Hapo ndipo pengo lilipopanuka. Elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma ilikuwa imeanza mwezi wa tisa 2019 na kuleta darasani watoto wengi ambao wazazi wao hawakuweza kulipa. Miezi sita tu baadaye, milango ilifungwa. Wale waliokuwa wameingia mwisho, wasio na vitabu nyumbani, ndio waliokuwa wa kwanza kupotea. Mtoto wa mwenye uwezo alitafutiwa mwalimu wa nyumbani. Mwenzake alienda kuchota maji ao kuuza karanga.

Walimu nao waliumia. Wale wa shule za kibinafsi wanalipwa kwa pesa za wazazi, na shule ikifungwa pesa hizo zinakauka. Kuna pia walimu wa shule za umma ambao hawakuwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Ni vigumu kumwomba mtu asiyelipwa azunguke mtaani kufuatilia wanafunzi wake.

Inawezekana kusema korona imepita. Lakini mashariki mwa nchi, kufungwa kwa shule si jambo la mara moja. Mwezi wa tano 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama. Mwezi wa kwanza 2025 vita vilifika Goma, kisha Bukavu mwezi uliofuata, na watoto wakabaki nyumbani tena. Wakati wa vita, hata redio inaweza kupotea njiani pamoja na vyombo vingine.

Fundisho la 2020 ni kwamba vipindi vya redio vinahitaji mtu na karatasi pembeni yake. Kijitabu cha mazoezi kinachogawiwa wakati shule ingali wazi hakihitaji umeme. Mwalimu anayeishi kwenye avenue ileile anaweza kukutana na watoto wachache mara mbili kwa wiki, kama usalama unaruhusu na kama analipwa. Na shule zinapofunguliwa, kila mtoto apimwe ijulikane alipoachia, badala ya kupandishwa darasa juu ya msingi uliobomoka.

Mambo hayo yana gharama, na shule nyingi hazina hata madawati ya kutosha. Lakini gharama ya kutofanya kitu imeonekana. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2020 alifungiwa shule wakati ule ambao angejifunza kusoma. Kama hakuna aliyerudi nyuma kumfundisha, pengo hilo amepanda nalo hadi madarasa ya juu.

Matayarisho hayo yanafanywa shule zikiwa wazi. Siku tangazo la kufunga linaposomwa, mwanafunzi amekwisha kwenda nyumbani na kile tu alichokuwa nacho mfukoni.