Mzikeni Bond, suti yake msiigombee

Kwenye vibanda vya video tulikariri kanuni moja: stelingi hafi. James Bond akaivunja mwaka 2021, katika No Time to Die, makombora yakimshukia kisiwani huku tukitazama. Sasa wanataka kumfufua. Februari 2025 Amazon ilichukua usukani wa filamu zake kutoka kwa Barbara Broccoli na Michael G. Wilson, Juni akatangazwa mwongozaji, Denis Villeneuve, na hapa Sydney ndugu zangu wa Afrika Mashariki wanabishana hadi povu linawatoka: nani apewe nafasi hiyo? Yupo anayeapa kwamba zamu hii lazima awe mweusi.

Mimi nasema asipewe mtu. Bond ameshapitwa na wakati, na hajapitwa jana.

Aliyelitambua hilo mapema ni mtoto wa huku huku. George Lazenby alizaliwa Goulburn, mji wa wafuga kondoo ulio karibu kilomita 200 kutoka Sydney. Aliuza magari, akaenda London akawa mwanamitindo, na mwaka 1969 akamwigiza Bond katika On Her Majesty's Secret Service. Akawekewa mezani mkataba wa filamu saba. Akaukataa. Vijana walikuwa wanafuga nywele na kuandamana kupinga vita vya Vietnam, naye akasadiki kwamba jasusi huyu wa suti na pombe ghali hana maisha marefu. Usiku wa uzinduzi akatokea na ndevu na nywele ndefu, watayarishaji wakanuna. Tangu hapo anachekwa kama bwege aliyeipiga teke riziki. Kwenye hela alikosea vibaya, sibishi: Skyfall ya 2012 peke yake iliingiza zaidi ya dola bilioni moja. Lakini kuuzika ni jambo moja, kuwa na maana ni jingine kabisa.

Tazameni kazi anayotumwa. Dr. No ilizinduliwa London Oktoba 1962, miezi miwili baada ya Jamaika kupata uhuru, na kisa chake kinatokea Jamaika hiyo hiyo. Bendera ya Uingereza imeshateremshwa, lakini kwenye sinema mwokozi wa wenyeji bado anatoka London. Yumo Quarrel, mvuvi mweusi mwenye mashua, anayeyajua maji yale kuliko wote. Bond anamwagiza akamletee viatu. Viatu! Baadaye Quarrel anateketezwa kwa moto, na filamu inasonga mbele kana kwamba limeanguka jani.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, Casino Royale ya 2006, inayotupeleka Mbale. Mbale tunayoijua ni mji wa kahawa chini ya Mlima Elgon, wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988. Mbale ya Bond ni kambi ya waasi porini, basi. Mkuu wao, Obanno, ananyongwa kwenye ngazi za hoteli. Bond ananawa damu, anabadili shati, anarudi kwenye karata. Miaka 44 imepita, na Mwafrika bado kazi yake ni kufa ili mchezo uendelee.

Halafu ni uongo hata kwa ujasusi wenyewe, na Sydney inalijua hilo. Aprili 1954 Vladimir Petrov, ofisa wa ubalozi wa Kisovieti mjini Canberra, aliwakimbia wakubwa wake. Mtu aliyemkaribia na kumlainisha alikuwa Michael Bialoguski, daktari mhamiaji kutoka Poland na mpiga fidla. Siku chache baadaye walinzi wa Kisovieti walimkokota mkewe, Evdokia, hadi kwenye ndege pale uwanja wa Mascot, umati ukipiga mayowe, kiatu kimoja kikamvuka. Ndege ilipotua Darwin aliamua kubaki. Mama yule alikuwa ofisa wa ujasusi kwa haki yake. Kwa Bond angevalishwa nguo ya kuogelea na kuuawa kabla ya nusu ya filamu.

Na mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher ilikuja katika mahakama ya Sydney kuzuia kitabu cha Peter Wright, jasusi wake mstaafu. Wakili kijana, Malcolm Turnbull, akambana mkuu wa utumishi wa umma wa Uingereza kizimbani, na London ikashindwa, bila Bond wa kuiokoa.

Kwa hiyo enyi mnaodai Bond mweusi, mnadai nini hasa? Suti ya marehemu aliyekuwa akituagiza viatu? Sisi tunaye Willy Gamba, jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, aliyeanza kazi mwaka 1974 katika Kufa na Kupona, akipambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Najua, naye anapenda wanawake na bilauri kupita kiasi, na ameigwa kutoka kwa Bond waziwazi. Hapo apewe kalamu mpya. Ila bosi wake hayuko London.

Mwigizaji Idris Elba, ambaye jina lake halikauki kwenye ubishi huu, serikali ya Zanzibar ilitangaza mwaka 2024 kumtengea ardhi ya studio. Wenye kamera wa Dar es Salaam na Nairobi, mfuateni huko na vitabu vya Musiba mkononi.