Neno la Mhariri: Tuachieni Sindano Yetu

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu kushona kwa mkono, swali moja halijaacha kutufuata: "Inalipa?" Makala nyingi tulizopokea zinapima sindano kwa shilingi: kofia iuzwe bei gani, kikundi kisajiliwe wapi, mkopo uombwe vipi. Nimezisoma zote kwa heshima, maana nawajua watoto waliosomeshwa kwa kofia za vito. Lakini nimechoka.

Nimechoka kwa sababu wanawake wanne wakionekana wameketi mkekani na nyuzi zao, kuanzia Mambrui hadi Takaungu, hakosi kutokea mtu na daftari. Mchagueni mwenyekiti. Mtafuteni mweka hazina. Fungueni akaunti. Muda si muda kikao kimegeuka mkutano, na yule ambaye mkono wake ni mzito anaona haya kuja, kwa kuwa anawachelewesha wenziwe. Nimeona kikao kimoja kikivunjika hivyo hapa Malindi. Mashoga wa tangu utotoni sasa wanaamkiana kwa mbali.

Kikao chetu sisi, huku Shela ya Malindi, huanza baada ya alasiri, jua likishaondoka uani. Kila mtu huja na yake: huyu kroshia ya vitambaa vya makochi, yule leso ya kupinda, mimi kofia. Vitambaa viwili vyeupe hulazwa pamoja, kitundu kikatobolewa, kisha kikazungushiwa uzi pigo kwa pigo mpaka ukingo wake usimame kama pete. Ukivuta mno, kitambaa hufinyana. Ukilegeza, kitundu husinzia. Na kofia moja ina vitundu chungu nzima, kwa hiyo huchukua wiki na wiki. Wanaouliza kama inalipa huuona muda huo kuwa hasara. Sisi huo ndio tuliouendea.

Kwani macho yakiwa kwenye uzi, mtu husema lile ambalo asingelisema akitazamwa usoni. Mwenzetu mmoja alitutajia maradhi yake hivyo, huku akijaribu kutunga uzi ambao ulikataa kupita. Hakuna aliyeinua kichwa, na hakuna ambaye hakusikia. Aliyekaa karibu naye aliichukua ile sindano mkononi mwake, akamtungia, akamrudishia. Mazungumzo yakaendelea. Sijui daftari gani lina safu ya kuandikia jambo kama hilo.

Na wanaodhani kwamba starehe haizai kitu, waitazame leso. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya mkono, vile ambavyo Wareno waliviita lenço, vikiwa bado vimeungana katika jora. Walikata sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano vikawa nguo moja pana. Walitaka kupendeza mbele ya wenzao, basi. Wenye maduka walipoona ndipo wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Soko lilikuja nyuma ya sindano, likajifanya ndilo lililotangulia.

Mwenzetu wa Kilifi anayapinga haya yote. Anasema starehe ni ya aliyeshiba, na kwamba mama anayedaiwa karo hana nafasi ya kushona kwa raha. Hoja yake ni nzito, ndiyo maana nimeiweka mbele ya makala zote. Ila bibi zetu waliosuka ukili pamoja barazani hawakuwa matajiri. Waliuza mikeka, naam, na bado walijua kutofautisha siku ya soko na alasiri ya mashoga. Tofauti hiyo ndiyo tunayoipoteza, na umaskini peke yake hauielezi.

Makala ya hando, lile vazi la Kigiriama, isomwe taratibu, hasa pale inapoeleza kazi ya kukunja marinda. Ya magofu ya Gedi inaturudisha kwenye nyumba ambayo mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, aliipa jina la mkasi wa chuma uliokutwa humo. Mwandishi hadai kwamba mkasi huo ulikuwa wa mshonaji, na amefanya vyema, ingawa moyo wangu unataka uwe. Cherehani tumeipa makala moja, fupi.

Kofia niliyonayo ni ya mume wangu, na niliianza kabla ya Ramadhani. Juzi shoga yangu aliichukua, akaipindua nje ndani, maana kwa mbele kila kofia hupendeza. Akaikagua mpaka mwanga ukaanza kupungua uani, kisha akanirudishia, kidole chake kikiwa ukingoni.

"Fumua hivi vitatu, mwenzangu."

Nimefumua.